Fremu ya Redio Haipasuki kwa Uzee Peke Yake

"Fundi, hiyo plastiki imezeeka, lazima ivunjike." Maneno haya yamenichosha. Uzee upo, jua la miaka mingi huikausha plastiki ikakosa kunyumbulika. Lakini angalia fremu za redio za gari zilizovunjwa, yaani ile plastiki inayozunguka redio kwenye dashibodi: nyingi zimepasuka kwenye tundu la skrubu ambayo hakuna aliyeitafuta. Hata fremu mpya ingepasuka hapo.

Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kama gari lina eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), subiri angalau sekunde 90, na koneka zake za njano, yaani viungio vya waya, ziache.

Halafu skrubu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina skrubu mbili juu ya fremu ya mita ya spidi, zimetazama chini. Shusha usukani utaziona. Nyingine hukaa nyuma ya droo ya majivu ya sigara au chini ya vifuniko vidogo.

Sasa klipu, maana hapa ndipo uharibifu unapofanyika. Klipu hutoka kwa njia iliyoingilia: moja kwa moja, kuja kwako. Ukichomeka bisibisi bapa pembeni na kubanua kama kifuniko cha ndoo ya rangi, nguvu yote inaishia kwenye ukingo mwembamba, na mguu wa klipu unapindwa upande mpaka ukatike. Bandika tepu ya karatasi kwenye dashibodi, tumia kabari ya nailoni, na uiingize jirani kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili. Pakiachia milimita 3 au 4, simama, hamia klipu inayofuata, zunguka hivyo hivyo. Pande tatu zikilegea na kona moja ikagoma, usiongeze nguvu hata kidogo! Washa tochi. Mara nyingi kona hiyo ina skrubu.

Joto linasaidia, ila kwa kiasi. ABS, aina ya plastiki ngumu, huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo draya ya saluni inatosha: pasha fremu kwa kiasi ambacho mkono bado unaweza kuvumilia. Gari lililoanikwa juani mpaka saa sita mchana halihitaji hata draya. Asubuhi ya baridi ya Julai Nairobi au Arusha, subiri. Petroli na thina usipake. ABS iliyo chini ya mkazo hupasuka ikiguswa na vitu hivyo.

Fremu ikitoka usiivute kwa pupa, waya wa swichi ya taa za hazadi ni mfupi. Bonyeza ulimi wa koneka ndipo uchomoe.

Ikivunjika, soma aina ya plastiki mgongoni mwa fremu. Pakiandikwa >ABS<, yeyusha vipande vya ABS kwenye asetoni upate uji mzito wa kuungia. Pakiandikwa >PP<, yaani polipropilini, supa gluu haitashika.

Lakini zipo kucha za klipu zilizokwisha kupasuka nusu kwa ndani, na hakuna jicho litakaloziona kabla fremu haijatoka. Kwa gari la miaka 25, mwambie mwenye gari hivyo kabla hujagusa kitu, na uwe na klipu za akiba. Klipu za chuma zilizobaki kwenye dashibodi zitoe kwa plaizi uzirudishe kwenye fremu kabla ya kuisukuma mahali pake, la sivyo itapiga kelele kwenye kila tuta.