Je, wajua? Sheria ya hewa safi ndiyo iliyorefusha dohani za Marekani

Tazama picha za mitambo ya umeme wa makaa ya mawe iliyojengwa Marekani miaka ya 1970, uone dohani zake zilivyo ndefu. Moja ya Homer City, jimbo la Pennsylvania, ilifika mita 371, kuupita hata Mnara wa Eiffel. Urefu wote huo wa nini?

Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 iliweka viwango vya uchafu kwenye hewa wanayovuta watu, yaani hewa ya huku chini. Wenye mitambo wakapata ujanja: moshi ukitolewa juu kabisa, upepo huuchukua, na vipimo vya jirani husoma vizuri. Salfa, uchafu unaotoka kwenye makaa yakichomwa, haikupungua, ilihama tu. Angani ikageuka asidi na kushuka na mvua kwenye maziwa ya milima ya Adirondack, jimbo la New York, na mashariki mwa Kanada, samaki wakafa.

Mwaka 1990 sheria ikarekebishwa, safari hii zikahesabiwa tani zinazotoka dohanini. Kuanzia 1995, mitambo iliyochafua zaidi ilitakiwa kuwa na kibali kwa kila tani ya salfa dioksidi; mingine mingi ikafuata mwaka 2000. Ukibakiza vibali, unauza. Ukizidisha, faini ilianzia dola 2,000 kwa tani. Dohani ndefu ikawa haina faida tena.

Wenye mitambo wengi hawakununua mashine yoyote, walibadilisha makaa tu. Treni zikazidi kusomba makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming, huku migodi ya Illinois na Ohio ikipoteza wateja. Kwa wachimbaji wa huko, sheria ya mvua ya asidi ilikuwa sheria ya kukosa ajira.

Wengine waliweka visafishaji vya moshi. Moshi hupita ndani ya mnara unaonyunyiziwa uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Salfa hunaswa na kuwa jasi, ile ile mafundi wanayoiita jipsamu. Huuzwa ikatengenezewa dari na kuta. (Taka inayoleta pesa, nani angeikataa?)

Ila pampu na feni za kisafishaji hula takribani asilimia 1 hadi 2 ya umeme wa mtambo, kwa hiyo makaa zaidi huchomwa, na chokaa yenyewe ikikutana na salfa hutoa kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto duniani. Gesi hiyo, vibali vile havikuihesabu.