Chombo cha kujifunzia ni kipi hasa? Maana projekta peke yake sio

Hili neno linatumika ovyo sana siku hizi. Shule ikishafunga projekta darasani basi tayari inajitangaza kwamba wanafunzi wake wanajifunza kwa teknolojia, halafu ukiingia ndani unakuta ticha kaweka slaidi, watoto wanakopi neno kwa neno kwenye madaftari, ticha anauliza "mmemaliza?" na kuruka slaidi inayofuata. Sasa hapo kimebadilika nini jamani? Ubao ni ule ule, umepata umeme tu.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa tukikisikiliza vizuri. Kuna kujifunza kompyuta, yaani kompyuta ndio somo, unafundishwa kuiwasha, kutaipu, kuhifadhi faili. Kuna chombo cha kufundishia, hicho ni cha mwalimu, ndio hizo slaidi na video anazoonyesha. Halafu kuna chombo cha kujifunzia, na hiki kinashikwa na mwanafunzi mwenyewe ili aelewe kitu kingine kabisa, iwe hesabu, sayansi, historia au lugha. Vyote vitatu vina kazi yake, mimi sina ugomvi na slaidi, ila tukiviita jina moja ndio tunajidanganya. Ukitaka kujua kilicho mbele yako ni kipi, angalia nani anafikiri pale, mwanafunzi au mashine.

Wazo la kufundisha kwa mashine halijaanza na simu janja. Mwaka 1913 Thomas Edison aliliambia gazeti kwamba muda si mrefu vitabu vitapitwa na wakati mashuleni, picha za sinema zitafundisha kila kitu (vitabu bado vipo, asante). Baadaye, miaka ya 1950, mwanasaikolojia B.F. Skinner akaja na mashine ya kufundisha, inakuuliza swali, unajibu, inakuonyesha kama umepata au umekosa, unasogea mbele. Ukiangalia programu nyingi za mazoezi za leo, zile za kubofya jibu unapewa nyota, ni mashine ya Skinner imevaa rangi nzuri. Sio mbaya kwa kukariri jedwali la kuzidisha, lakini mtoto hapo anaendeshwa.

Aliyeligeuza jambo hili ni Seymour Papert, mwanahisabati wa chuo cha MIT kule Marekani. Yeye na wenzake walitengeneza Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ya watoto, na hoja yake ilikuwa kwamba mtoto ndiye aiamuru kompyuta, sio kompyuta imwamuru mtoto. Kwenye Logo kuna kobe, unampa amri anatembea na kuacha mstari nyuma yake. Mraba ni rahisi, mbele 100, kulia 90, rudia mara nne. Sasa mwambie mtoto achore pembetatu yenye pande sawa. Anakumbuka darasani waliambiwa kila pembe ni digrii 60, kwa hiyo anaandika mbele 100, kulia 60, mara tatu, anabonyeza... na kobe anachora kitu kimeachama kama bakuli. Mtoto anakuna kichwa. Akiendelea mpaka mara sita anapata pembesita badala ya pembetatu! Hapo anasimama, anajifanya yeye ndio kobe, anatembea sakafuni, na anagundua kumbe kobe hageuki ile pembe ya ndani, anageuka ile ya nje, 180 toa 60, yaani 120. Hakuna aliyemwambia umekosa, mchoro wenyewe umemwonyesha, na akishapata hiyo 120 kwa miguu yake mwenyewe sidhani kama ataisahau. Hicho ndicho chombo cha kujifunzia. Mjukuu wa Logo ni Scratch, ilitoka MIT mwaka 2007, ni ya bure, na wazo ni lile lile. GeoGebra, programu ya hesabu na michoro, nayo iko humo humo, unavuta ncha ya pembetatu kwa mausi, pembe zote zinabadilika lakini jumla inabaki 180 upende usipende.

Tuje maktaba, ambako watu wengi wanadhani teknolojia maana yake ni kuondoa vitabu na kuweka kompyuta. Maktaba ya shule ni mahali pa kujifunza kutafuta, na kutafuta ni kazi ya akili kuliko tunavyodhani. Mwanafunzi amepewa kazi ya kueleza jinsi ndege wanavyohama majira yakibadilika, anaandika "ndege" peke yake, anabonyeza, analetewa marubani na viwanja vya ndege. Mkutubi mzuri hamtafutii. Anamuuliza tu, ungeongeza neno gani ili mashine ijue unasema wale wenye manyoya? Dakika kumi za hapo zinafundisha zaidi ya kumkabidhi ukurasa uliokwisha printiwa.

Halafu kuna kupima ulichokipata. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari, wakakuta wale wahakiki wakifika kwenye tovuti wasiyoijua hawakai kuisoma juu mpaka chini, wanafungua tabo nyingine haraka kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye hiyo tovuti. Wasomi wengine walibaki pale pale, wakavutwa na nembo nzuri na maneno mazito. Mbinu hii mtoto wa sekondari anaishika vizuri kabisa, na inahitaji kompyuta moja tu yenye mtandao. Na kama mtandao hakuna, kuna programu inaitwa Kiwix, inakuruhusu kupakua Wikipedia nzima mapema na kuisoma baadaye bila bando, kwa hiyo hata zoezi la kutafuta linawezekana.

Kugawa vifaa peke yake kulishajaribiwa, tena kwa ukubwa. Mradi wa One Laptop per Child, yaani laptopu moja kwa kila mtoto, ulitangazwa mwaka 2005, na Peru ilinunua laptopu laki kadhaa kwa ajili ya watoto. Tathmini iliyotoka mwaka 2012 haikuona alama za hesabu na lugha zikipanda, ingawa kulikuwa na dalili kidogo za kuboreka kwenye vipimo vya jumla vya kufikiri. Vifaa vilifika, namna ya kuvifundishia haikubadilika sana.

Na akili mnemba je? Kipimo ni kile kile. Ukiiambia ikuandikie insha, imefikiri yenyewe, wewe umebeba tu karatasi. Ukiiambia "niulize maswali kumi kuhusu usanisinuru, usinipe jibu mpaka nijaribu", hapo umeifanya chombo, ila majibu yake uyalinganishe na kitabu maana huwa inakosea kwa kujiamini kweli kweli. Kujiuliza maswali sio mbinu ya kubuni, wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu.

Swali linalobaki ni la kompyuta tatu kwa darasa la watu arobaini. Wagawe kwa zamu, wengine wakiwa na vitabu, na kila kompyuta watu watatu au wanne, mmoja anataipu, mmoja anaamua nini kitafutwe, mwingine anaandika walichokipata na kwa nini wamekiamini, halafu wabadilishane. Yule anayetaipu asiruhusiwe kuamua, la sivyo wengine watageuka watazamaji.