Keila: Mungu alisema Sauli atashuka, na Sauli hakushuka

Kwa suala la Mungu kujua ya mbele, wengi hukimbilia Warumi 8. Mimi naanzia 1 Samweli 23:1-13, maana pale swali na jibu vimewekwa mezani.

Daudi ameukomboa mji wa Keila kutoka kwa Wafilisti waliokuwa wakipora nafaka kwenye viwanja vya kupuria. Mfalme Sauli, anayemwinda Daudi, anafurahi: adui yake amejifungia ndani ya mji wenye malango na makomeo. Daudi anamwambia kuhani Abiathari alete naivera, vazi la kikuhani lililotumika kumwuliza Mungu, kisha anauliza mambo mawili. Sauli atashuka? Wenyeji watanitia mikononi mwake? Jibu ni ndiyo, mara zote mbili. Daudi anatoka na watu wake wapatao 600. Sauli anapata habari, anaghairi safari. Hakushuka, na wenyeji hawakumsaliti mtu.

Mungu hakukosea. Swali la Daudi lilibeba sharti lisilotamkwa: nikibaki hapa. Jibu lilisimama juu ya sharti hilohilo. Anayekatiza somo kwenye mstari wa 12 hulikosa hilo.

Luis de Molina, mwanateolojia Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti huko Hispania, alilitegemea sana andiko hili katika kitabu chake kilichochapwa Lisbon mwaka 1588. Kwake, Mungu anajua yote yanayowezekana, anajua yatakayotokea, na katikati ya hayo anajua kila mtu angetenda nini kwa hiari yake katika kila hali. Huo akauita ujuzi wa kati. Wadominiko, watawa wa shirika jingine la Kikatoliki, walimpinga vikali: je, Mungu anategemea viumbe ili ajue? Papa Paulo V aliufunga mjadala mwaka 1607 bila kulaani upande wowote. Pingamizi lile naliona lina uzito hadi leo, lakini halifuti kilichoandikwa kuhusu Keila.

Mjadala huu huharibika zaidi kwenye neno “lazima”. Kusema “ni lazima kwamba, Mungu akijua nitatenda, nitatenda” ni sahihi. Kusema “Mungu anajua, kwa hiyo natenda kwa kulazimishwa” ni kosa: lazima iliyounganisha ujuzi na tendo imehamishiwa kwa mtendaji. Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa karne ya 6, alilieleza vizuri. Ukimwona mtu anatembea, basi hakika anatembea. Lakini kuona kwako hakuisukumi miguu yake.

Kosa hili huumiza watu hasa matangani. Dereva amelewa, ameua abiria, na mhubiri anasimama kusema ilikuwa imeandikwa. Mungu alijua, naam. Lakini chupa ilishikwa na dereva, na wafiwa wana haki ya kusikia hilo likisemwa.

Msomaji wa Keila asiishie hata mstari wa 13. Wa 14 unasema Sauli alimtafuta Daudi kila siku, ila Mungu hakumtia mkononi mwake. Hapo hatusomi tena ambacho kingetokea. Tunasoma alichofanya Mungu, siku baada ya siku, kwa mtu aliyekuwa ameshaondoka kwa miguu yake mwenyewe.