Kusawazisha injini ya gari la kikale: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Injini ya zamani haikimbii sana, kusawazisha ni kwa magari ya mashindano." Kusawazisha ni kulinganisha uzito wa sehemu zinazokwenda ndani ya injini ili pasiwe na upande uliozidi, na hesabu inakataa kwamba ni kwa mashindano tu. Nguvu inayovuta uzito uliozidi kutoka kwenye mhimili hukua kwa mraba wa kasi: mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Gramu 10 zilizozidi upande mmoja, milimita 50 kutoka katikati ya krankishafti (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), huvuta kama mzigo wa kilo 5 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Ikifika 6000, ni kilo 20, na beringi, vikombe ambamo mhimili huo huzungukia, ndizo zinazoubeba mvuto huo kila mzunguko.

"Pistoni na konrodi za seti moja zina uzito sawa." Huenda, ila mizani ndiyo iseme. Pistoni nzito hupunguzwa hadi zilingane na iliyo nyepesi kuliko zote, tena pale pasipobeba mzigo. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti, ina kazi zaidi, kwa sababu ncha yake kubwa huzunguka na krankishafti ilhali ncha ndogo hupanda na kushuka na pistoni. Konrodi mbili zenye gramu sawa kwa jumla zinaweza kutofautiana ncha kwa ncha. Fundi aliyekuandikia namba moja tu kwa kila konrodi hajamaliza kazi, mrudishie.

"Krankishafti isipobingirika ikiwekwa juu ya reli mbili, iko sawa." Hapo imesawazika ikiwa imetulia tu. Uzito uliozidi mbele upande mmoja na mwingine kama huo nyuma upande wa pili hufichana mpaka izunguke, ndipo kila mmoja huvuta ncha yake na krankishafti nzima huyumba. Kosa hilo hugunduliwa na mashine inayoizungusha na kupima ncha zote mbili. Kwa V8 (silinda 8 katika safu mbili zenye umbo la V) yenye pini, yaani sehemu za krankishafti zinazoshikwa na konrodi, zilizopishana kwa nyuzi 90, kwanza hufungwa vizito vya muda kwenye pini, vilivyokokotolewa kutokana na uzito wa pistoni, ringi, konrodi na beringi zitakazotumika. Injini ya silinda 4 au 6 za mstari mmoja haivihitaji. Flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krankishafti) na kifuniko cha klachi navyo vipelekwe kwenye mashine. Mara nyingi husahaulika.

"Ikisawazishwa vizuri haitatetemeka kabisa." Silinda 4 za mstari zitaendelea kutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko. Hiyo ni tabia ya mpangilio wake, na hakuna uzito wa kuongeza kwenye krankishafti utakaoiondoa. Silinda 6 za mstari hazina tatizo hilo.

"Mpangilio wa kazi si hoja." Ni hoja kubwa! Kusaga krankishafti ili kulainisha sehemu zilizolika huondoa chuma, hivyo ukisawazisha kabla ya kusaga umelipia kazi ya bure. Vivyo hivyo silinda: nunua pistoni za oversaizi (kubwa kidogo kuliko za awali) kwanza, zipimwe kwa mikromita, ndipo kila silinda ichongwe kwa pistoni yake. Namba iliyopigwa juu ya pistoni haitoshi.

"Petroli itasafisha bloku (mwili wa injini wenye silinda) iliyotoka kuchongwa." Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa mawe ya kusugulia ndani ya mikwaruzo midogo ya kuta za silinda, nao huzila ringi tangu siku ya kwanza. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, rudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha paka mafuta papo hapo, maana kutu haichelewi.