Mkono hujifunzaje kwa kutazama? Maswali na majibu

Kijana wangu yuko kwa fundi wa nakshi hapa Lamu, na kutwa kucha anatazama tu patasi. Si anapoteza wakati?

Hapotezi, maadamu anatazama akijua naye atashika patasi hiyo. Mtu akitazama mkono ulio kazini, maeneo ya ubongo wake yanayopanga mwendo wa mkono huamka, ingawa mkono wake umetulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Parma, Italia, waliona chembe za neva za tumbili zikifanya kazi anaposhika kitu, na pia anapoona mwingine akikishika. Lakini macho hayaoni nguvu ya kidole wala ukaidi wa mti, kwa hiyo kutazama bila kujaribu huzaa mpango nusu.

Akianza kuchonga, ubongo hubadilika vipi?

Mwanzoni sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia umakini, hufanya kazi kubwa. Ukimsemesha, patasi inateleza. Ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hulinganisha pigo lililokusudiwa na pigo lililotokea, kisha hurekebisha linalofuata. Kadiri anavyozoea, mzigo wa sehemu ya mbele hupungua, na mwendo huendeshwa zaidi na maeneo mengine, yakiwemo ya ndani kabisa ya ubongo. Ndiyo maana fundi mkongwe hupiga soga huku akichonga mfaa wa mlango. Usingizi nao huimarisha alichojifunza mchana, msimkeshe.

Afundishwe vipi?

Akae ubavuni mwa fundi, wala si mkabala naye, maana mkabala humlazimu kugeuza kulia na kushoto akilini. Fundi aonyeshe kipande kimoja polepole, mathalani kukata ukingo wa ua, na kijana akirudie papo hapo kwa dakika 10 hadi 20, kisha apumzike. Ushikaji wa patasi usahihishwe siku ya kwanza, kwani ukishazoeleka ni shida kuuondoa. Makosa mengine yaachwe yaonekane kidogo kwanza: anayekosolewa kila pigo huzoea kusubiri sauti ya fundi badala ya kuhisi kosa lake mwenyewe.

Mzee wetu alipata kiharusi. Kutazama kutamsaidia?

Huweza kusaidia kando ya mazoezi ya tiba ya viungo: atazame mtu akishika kikombe, kisha ajaribu mwenyewe, akifuata maelekezo ya mtaalamu. Lakini mkono ukilegea ghafla, uso ukipinda au maneno yakikwama, hapo si mazoezi tena. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.