Wingi wa Habari Si Kipimo cha Uzito wa Mgogoro

Wengi huamini kwamba mgogoro wa kisiasa wa jimbo unaotangazwa sana kitaifa ndio mzito zaidi. Matukio ya Marekani ya mwaka 2011 yanaonyesha vingine. Ohio, yenye wakazi karibu mara mbili ya Wisconsin, ilipitisha sheria ya kubana haki za vyama vya watumishi wa umma, wakiwemo polisi na wazimamoto, ambao sheria kama hiyo ya Wisconsin kwa sehemu kubwa iliwaacha nje. Hata hivyo kamera zilikimbilia Madison, mji mkuu wa Wisconsin.

Chanzo, kwa maoni yangu, kilikuwa hesabu ya viti. Katika Seneti ya Wisconsin yenye viti 33, muswada huo, kwa kuwa ulikuwa wa fedha, ulihitaji maseneta 20 ukumbini, na Warepublican walioutaka walikuwa 19. Maseneta 14 wa Democratic walioupinga walivuka mpaka hadi jimbo jirani la Illinois, muswada ukakwama kwa karibu wiki tatu, huku waandamanaji wakilala kwenye sakafu ya marumaru ya jengo la bunge. Wanahabari walipata swali la kuulizwa kila asubuhi: je, watarudi leo? Ohio haikuwa na kisa cha namna hiyo, ingawa Novemba wapigakura wake waliifuta sheria yao kwa zaidi ya asilimia 60.