Dawa za kulegeza misuli baada ya kuwekewa vipandikizi vya matiti

Mwanamke aliyewekewa kipandikizi chini ya msuli wa kifua hupata maumivu ya aina mbili, na dawa ya kulegeza misuli husaidia aina moja tu. Kuna maumivu ya kidonda, yanayochoma kwenye mshono. Hayo hutulizwa na parasetamo. Mengine ni ya msuli wenyewe. Daktari huuinua, na mara nyingi huukata kwa chini, ili kipandikizi kipate nafasi. Msuli uliotanuliwa ghafla hukaza. Wagonjwa husema kifua kinabana kama kimefungwa mkanda, kisha kinaachia, kisha kinabana tena. Kama kipandikizi kimewekwa juu ya msuli, kwa kawaida dawa hizi hazina kazi kubwa.

Anza na parasetamo: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku. Msuli ukiendelea kukaza, daktari anaweza kuongeza diazepamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 2 hadi 5, hasa usiku, kwa siku chache tu kwa sababu mwili huizoea. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kesho yake bado unasinzia. Usiendeshe gari. Kama unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajaandika cheti cha dawa.

Kinachotusumbua zaidi hapa Dar es Salaam ni watu kujinunulia dawa. Baadhi ya vidonge vya kulegeza misuli ni mchanganyiko wa klorzoksazoni inayolegeza misuli, parasetamo, na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Mtu anameza hicho, anaongeza Panadol, halafu diklofenaki aliyopewa na jirani. Ini linabeba parasetamo maradufu. Tumbo na figo, diklofenaki maradufu. Soma viambato kwenye pakiti, si jina kubwa la mbele. Hatari zaidi ni kuchanganya diazepamu na dawa kali za maumivu kama tramado na kodeini, au na pombe, kwani vyote hupunguza kasi ya kupumua. Mgonjwa asipoamka akiitwa, au midomo ikibadilika rangi, mkimbizeni hospitali.

Na hakuna kidonge kitakachomsaidia anayeuchokoza msuli kila siku. Kusimama kwenye daladala umeshika bomba la juu, kunyanyua ndoo ya lita 20, kujisukuma kwa mikono kutoka kitandani: vyote huuvuta msuli uleule. Subiri mpaka daktari akuruhusu, mara nyingi baada ya wiki 4 hadi 6. Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, na wakati wa kuamka mtu akusukume mgongoni, asikuvute mkono.

Titi moja likivimba ghafla, likawa gumu na kuuma kuliko lingine, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, huo si mkazo wa msuli. Huenda damu inakusanyika ndani. Usimeze kidonge kingine ukisubiri kukuche. Rudi kwa aliyekupasua usiku huohuo, na usile kitu njiani, maana unaweza kurudishwa chumba cha upasuaji.